Stesheni ya Udongo Nyuma ya Tembe

Enzi za Wadachi, reli ilipopita Dodoma kwenda Tabora, watu wote wa kwetu walikwenda kuitazama isipokuwa bibi yangu. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Alisema gari la moshi ni uongo wa wanaume waliochelewa kwenye pombe.

"Chuma kinatembea chenyewe? Kinakula nini?"

"Kuni, bibi."

"Bora hicho. Babu yako alikula ng'ombe na hakutembea."

Mimi nilikuwa mfinyanzi, nimeshazaa wawili, na mitungi yangu niliwauzia vibarua wa reli. Pale stesheni nilipajua vizuri. Nikamwambia, "Basi nitakuletea stesheni hapa hapa, mke mwenzangu." Tuliitana hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Nikaanza nyuma ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo. Reli nilizifanya kwa mabua ya uwele, nikazilaza juu ya vijiti. Tangi la maji lilikuwa chungu kidogo chenye miguu minne. Nikaumba tanuru la matofali lililokuwa kando ya reli, na matofali yenyewe, kila moja kama punje ya hindi. Kisha uwanja wa kukaushia ngozi: nikakata vipande vya ngozi mbichi ya mbuzi, nikavitandaza juani. Siku ya pili vilinuka kama kule stesheni kwenyewe.

"Sasa nakuamini," bibi alisema, ameziba pua.

Gari lenyewe lilinichukua siku nne. Tumboni nilitia makaa na mavi makavu ya punda, moshi ukatoka kwenye bomba. Bibi akapiga vigelegele. Halafu akataka watu. Nikaumba vibarua, wauza maziwa, na Mdachi msimamizi wa stesheni.

"Ana tumbo?"

"Kubwa."

"Ongeza."

Nikaongeza. Akasema bado. Mwishowe Mdachi wetu akashindwa kusimama, ikabidi tumwegemeze kwenye tangi.

Kesho yake msimamizi mwenyewe akaja na askari mmoja, anataka mitungi ya maji ya vibarua. Aliona moshi, akazunguka nyuma ya nyumba. Yule mtu alikuwa mwepesi wa kiboko. Nilihisi mgongo ukiniwasha kabla hajanigusa.

Akainama mbele ya yule mnene aliyeegemea tangi. "Huyu nani?"

Bibi akajibu, "Ni wewe, mwanangu. Umetusumbua sana kusimama."

Askari akageuka kutazama milima. Msimamizi akachuchumaa, akakagua tanuru, akanusa ngozi, akakunja uso. Kisha akanyoosha kidole kwenye tangi. "Si hapa. Ng'ambo ya reli." Akalihamisha mwenyewe, taratibu, na yule mnene akaanguka kifudifudi. Alimwokota, akamfuta vumbi, akamtia mfukoni, akaondoka. Mitungi hakuagiza.

Bibi alifura.

"Ameniiba mtu! Nipandisheni punda, nikamdai."

Tulipofika stesheni, gari la moshi lilikuwa limesimama. Likapiga honi. Bibi alinishika mkono hadi kucha zikaniingia, na habari ya mtu wake akaisahau. Alishuka kwenye punda, akachechemea hadi kwenye gurudumu, akaligusa kwa kidole.

"Lina homa," akasema.

Lilipoondoka aliuliza linakwenda wapi.

"Tabora."

"Tabora kuna nini?"

Sikujua.

"Basi litarudi sasa hivi," akasema, akaketi chini kulingoja.