Mtu Tuliyemwita Vrag

Niliwahi kuamini kwamba adui wa Warusi akipigwa risasi hatoki damu, anatoka moshi. Msinicheke. Wakati huo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu na mke, na katika darasa lile nilikuwa wa kwanza kwa historia na kwa kelele.

Aliyeniambia ni jamaa tuliyemwita Injinia. Alikuja Jumamosi moja kwenye karakana ya rafiki yangu Musembi, Majengo, akajifanya anatafuta kigoda. Musembi alikuwa mchongaji, kama baba yake kule Ukambani. Mimi niliendesha pikapu iliyopeleka vinyago vyake kwa wanunuzi. Siku hiyo alikuwa akipiga msasa shingo ya twiga. Injinia alidai amesomea Urusi, na kwamba huko wanatafutwa madereva na mafundi mbao. Kazi safi, mbali na vita.

"Na hao maadui?" niliuliza.

"Wanaitwa vrag. Vrag ni shetani, buda, neno ni hilohilo. Ukimpiga unaona moshi tu."

Musembi hakuinua macho. "Na moshi wake unanuka nini?"

"Kiberiti."

Tulicheka wote. Musembi alicheka kwa kutoamini. Mimi nilicheka kwa furaha ya kupata jambo la kutangaza Dandora nzima. Nilimsimulia hata mama yake Musembi, aliyekuwa akiuza ndengu na maharagwe karibu na kwetu. Wiki chache baadaye tulikuwa ndani ya ndege. Ni mimi niliyemshawishi Musembi. Naliandika hilo mapema lisije likanitoroka.

Lori sikuliona. Mbao Musembi aliziona, lakini zilikuwa za kuzuia mahandaki yasibomoke. Tulitia sahihi karatasi tusizoweza kuzisoma, tukapewa bunduki. Baridi ya kule, nikikuambia mate yaligonga chini kama changarawe, punguza nusu, na bado hutaifikia. Sajini wetu alilitema neno vrag kabla ya chai na baada ya chai. Kila nilipolisikia niliona pembe.

Asubuhi moja tuliamriwa, mimi na Musembi, tukakague nyumba ya mwisho ya kijiji kilichohamwa. Haikuwa na paa. Chini yake palikuwa na chumba ambamo wenyewe waliweka viazi.

Tulishuka.

Mtu alikuwa ameketi pembeni, ameegemea ukuta.

Alivaa sare ya upande wa pili. Bunduki hakuwa nayo. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa shuka. Alipopumua, kitu cheupe kilipanda mbele ya uso wake.

Moshi.

Pumzi yangu nayo ilikuwa ikitoka hivyohivyo, ila hiyo sikuitazama.

Alinikazia macho, akasema, "Voroh."

Nililitambua. Lilikuwa ndugu yake vrag, halikuhitaji mkalimani. Nikadhani anataja jina lake. Na sisi tuliokulia makanisa ya mabati ya Eastlands tunajua: pepo akishataja jina, kazi iliyobaki ni ndogo. Unamkemea, unamnyunyizia maji ya upako. Nikafungua chupa yetu ya maji, ya pekee tuliyokuwa nayo.

"Shindwa! Toka! Shindwa!"

Nilimwagia usoni, kifuani, nikamalizia mlangoni. Yule mtu alitoa ulimi akalamba yaliyomfika midomoni.

"Kyalo, unafanya nini?" Musembi alisema. "Huyu anataka kunywa."

"Nyamaza, anatoka."

"Nani anatoka? Lete chupa."

Chupa ilikuwa tupu.

Musembi alinitazama kama alivyozoea kutazama gogo alilonunua kisha akalikuta lina ufa. Akaegemeza bunduki ukutani. Kisima kilikuwa uani, kama hatua ishirini.

"Kuna droni huko juu," nilimwambia.

"Nakuja sasa hivi."

Niliisikia kabla ya kuiona. Nyuki ndani ya kopo.

Halafu mlipuko.

Nilitoka nikitambaa. Nilimfikia. Alikuwa ameshakata roho, na chupa ilikuwa bado mkononi mwake. Mlipuko wa pili ulinipata mgongoni. Yule mtu wa chini sijui aliishia wapi. Nimewahi kusimulia kwamba nilimbeba, si kweli.

Hospitalini nililazwa karibu na Mrusi mmoja mzee, mwalimu wa lugha mstaafu, aliyezungumza Kiingereza cha vitabuni. Nilimuuliza kuhusu neno lile. Mzee akafufuka, akasahau hata dripu. Vrag, alisema, ni la kale kuliko Urusi yenyewe. Mababu zao walisema vorog. Vrag liliingia kupitia lugha ya kanisa. Wapolandi wanalo, Waukraine wanalo, kila mtu na matamshi yake. Kwa Waslavi wa kusini limefika hadi kuwa jina la shetani, na makasisi wa Kirusi nao walimwita hivyo. Ila mzizi wake, wasomi hawajakubaliana. Wapo wanaoulinganisha na neno la Walithuania la taabu na dhiki. Wapo wanaosema ni wa kusukuma na kufukuza.

"Basi vrag wa kwanza alikuwa nani?"

"Huenda mtu aliyefukuzwa, anayehangaika. Pembe zilikuja baadaye."

"Na voroh?"

"Ndilo hilo, kwa Kiukraine. Aliyelisema alikuwa anamtazama nani?"

"Mimi."

"Basi alikuwa anakuita wewe."

Nilirudi Dandora. Mwili wa Musembi haukurudi. Kwa mama yake nilisema alikufa akiwa ameangusha maadui kumi. Mtaani wakafika ishirini, sikuwazuia. Watu walinisalimia kwa heshima, na sikuweza kupita karakana yake, ambako twiga yule alikuwa bado hana masikio.

Mama yake hakuhitaji kumi wala ishirini. Siku moja aliniita, akanipa kigoda, akaendelea kuchagua ndengu kwenye ungo. Wazee wa ukoo walitaka kumfanyia Musembi maombi bila mwili, na yeye alitaka kujua jambo moja kabla ya watu kuja.

"Alitoka nje kufuata nini?"

Nikamwambia. Nilianza na moshi, nikaja kwenye neno na chupa niliyoimwaga nikikemea, nikaeleza ya mwalimu yote, Walithuania na makasisi, jinsi neno la mtu aliyefukuzwa linavyoweza kuota pembe. Nilieleza vizuri sana. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu wako amesoma," alisema. "Nimekuuliza mwanangu alitoka kufuata nini."

"Maji, Mwaitu," nikasema. Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Alikwenda kumtekea maji yule niliyedhani ni shetani."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikwenda kumtekea mtu maji, Kyalo. Na maji mlikuwa nayo. Wewe uliyamwaga."