Mstari wa Mama Salome

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naanza hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa mwisho hapa Chanji, Sumbawanga, anayepaswa kumsifu Epifania. Miaka minne iliyopita aliingia uani kwangu na futikamba yake, akachomeka kigingi, akaniambia bila kupepesa macho kwamba nusu ya choo changu iko kwenye kiwanja cha jirani yangu Silvana. Choo cha matofali ya kuchoma, nilichokijenga baada ya kustaafu ualimu! Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele za watu, nikamalizia kwa kumkumbusha kuwa yeye na Silvana wanaimba kwaya moja.  Yeye alichukua jembe, akakata mfereji mwembamba toka kigingi hadi kigingi, kina cha kidole kimoja, ukapita katikati ya mlango wa choo changu, akaenda zake. Nilikataa kubomoa. Na Silvana tukanuniana tangu siku hiyo.

Hiyo ndiyo kazi ya Epifania. Wapimaji wa viwanja wana mashine zao zinazozungumza na setilaiti, lakini wa kufyeka njia, kuvuta futikamba na kuchomeka vigingi ni yeye. Ameifanya tangu mumewe alipofariki, binti yao Salome akiwa darasa la pili. Mfereji ule haumo katika maagizo ya mpimaji yeyote. Aliutoa shambani kwa baba yake, ambako kabla ya kuinua matuta ya ulezi walikata kwanza mpaka kwa jembe, ndipo wakaanza kulima. Ukimuuliza kwa nini anajichosha, atakwambia kigingi kina miguu, ukikigeuzia kisogo kinahama, lakini mfereji hauna pa kwenda. Wapo waliompelekea kuku ili mstari usogee kidogo tu. Kuku walirudishwa wakiwa hai, na mstari ulibaki ulipo.

Kwenye raga aliingia kwa mlango huo huo. Miaka sita iliyopita vijana wa mjini walianzisha ile raga ya watu kumi na tatu kila upande, wakahitaji mtu wa kuwapimia uwanja. Epifania akapima, akakata mfereji wake, akamwaga chokaa juu yake, kisha akakaa pembeni aone watakachofanya juu ya mistari yake. Walichofanya hakikumpendeza. Walikuwa wanaikanyaga, halafu wanabisha. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshika kibendera, na mwaka uliofuata akaenda Mbeya kwenye kozi, akarudi na cheti cha mwamuzi wa pembeni. Salome, aliyekuwa akimfuata mama yake uwanjani na chupa ya chai, akaanza kucheza. Mtoto yule alikuwa na mbio. Alivunjika mfupa wa bega, akapona, akarudi, na kufika mwaka jana alikuwa amevaa jezi ya taifa, nambari tano, anacheza pembeni kushoto.

Asiyeijua raga nimweleze kwa kifupi. Unakimbia na mpira mkononi, wapinzani wanataka kukuangusha, na ukifika nyuma ya mstari wao wa mwisho ukauweka mpira chini, hiyo ni trai, pointi nne. Lakini mguu wako ukigusa mstari wa pembeni njiani, umetoka, na mbio zako zote ni bure.

Agosti iliyopita fainali ya ubingwa ya wanawake ikaletwa kwetu, Tanzania na Zambia. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini Sumbawanga, lakini sisi tunavuka mpaka kwenda Zambia harusini. Tuna wakwe kule, na wao wana wakwe huku. Ndiyo maana kufungwa na Zambia kunauma kuliko kufungwa na mtu baki: mtu baki huondoka, mkwe atakukumbusha kila mnapokaa kula.

Siku moja kabla ya mchezo Epifania aliupima uwanja upya, akakuta mstari wa katikati umechorwa vibaya, nusu moja fupi kuliko nyingine kwa hatua tatu. Waandaaji walimsihi auache, wakasema timu zitabadilishana upande, nani atajua. Yeye akasema anajua yeye, akaanza kukata upya. Kocha wa Zambia alikuwa amesimama pale na wasichana wake, anatazama.

Asubuhi ya fainali mwamuzi mmoja wa pembeni, mgeni kutoka Malawi, akaamka na homa kali. Mwenye cheti aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Epifania aliitwa mbele ya timu zote mbili, na kabla hajakubali akasema wazi kwamba nambari tano wa Tanzania ni mwanawe wa kumzaa. Waandaaji wakatazamana. Kocha wa Zambia ndiye aliyemaliza shauri. Alisema anayebishana na wenyeji wake kwa ajili ya hatua tatu ndiye anayemtaka pembeni mwa uwanja wake, mtoto au si mtoto.

Basi mji mzima ukawa pale. Ule upepo wetu wa Agosti ulikuwa unakata masikio, watu wamejifunga mablanketi juu ya makoti. Mimi nilijikuta nimebanwa kwenye benchi moja na Silvana. Sikumsalimu, naye hakunisalimu, tukaishangilia Tanzania kila mtu kivyake.

Sitasimulia yote. Dakika mbili kabla ya mwisho Zambia walikuwa na kumi na nane, sisi kumi na sita. Trai moja tu na kombe ni letu. Mpira ukarushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ukamfikia Salome, naye akaondoka. Alipita kando kabisa ya uwanja, Wazambia wawili nyuma yake, mmoja amemshika jezi ikamponyoka, na pale kwenye kona akajirusha na mpira ukatua. Nilipaza sauti kama mtoto. Nilimkumbatia mtu aliyekuwa karibu, naye akanikumbatia, kumbe ni Silvana.

Tulipoachiana, kibendera kilikuwa juu.

Refa akaenda kumuuliza. Watu wakaanza kuzomea, na kusema kweli walikuwa na hoja, kwa maana kwenye kona ile chokaa ilikuwa imekwisha. Nusu ilikuwa imekanyagwa na nusu ilikuwa imechukuliwa na upepo. Hakuna mstari, walisema, atajuaje kama ametoka? Epifania alichuchumaa, akaweka kidole chini, akamwonyesha refa. Tuliokuwa karibu tuliona. Mfereji ulikuwepo, na ndani yake alama mbichi za njumu, nne, zimezama vizuri kwenye udongo.

"Nambari tano ametoka," alisema.

Salome alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mpira bado kifuani. Akamtazama mama yake. Epifania naye akamtazama, kibendera hakikutetereka, ila mimi nilimwona kidevu kinavyomcheza. Refa akapuliza filimbi, trai ikakataliwa, na dakika mbili baadaye kombe likawa la Zambia.

Aliyoyasikia mama yule akitoka uwanjani siyaandiki. Wa heshima zaidi kati ya waliomzomea alimuuliza kama kweli alimzaa au alimwokota. Lakini wale wasichana wa Zambia, kabla hawajaligusa kombe, walimfuata alipokuwa anakunja kibendera chake, wakakunja magoti, wakampigia makofi ya polepole ya viganja vilivyokunjwa, yale ambayo sisi Wafipa tunampigia mkubwa. Kumbe nao ndivyo wanavyofanya. Nilisikia fahari, kwa sababu anayepigiwa makofi yale na mataifa alikuwa jirani yangu wa Chanji. Na fahari hiyo ilinichoma, maana nilikumbuka choo.

Nyumbani kwao kukawa kimya. Salome alikuwa anapika, anafua, anakwenda sokoni kwenye kibanda chake cha mitumba na kurudi, neno kwa mama yake hamna. Silvana, ambaye sasa tulikuwa tunasalimiana kwa aibu, aliniambia Epifania hali vizuri. Hajutii mstari, alisema Silvana, ila anaogopa kuwa amempoteza mtoto.

Siku ya tano akaja mtu kutoka Muze, kule bondeni Rukwa, Msukuma mfugaji anayeitwa Masunga, na fimbo yake begani. Habari zake tulizijua. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na Adriano, mkulima wa kule, na kwa miaka mitatu aliwakatalia wapimaji kukanyaga pale kwa kuwa mvuta kamba wao ni Epifania, na Adriano ni mjomba wake Epifania, kaka wa mama yake. Walikwishatiana majeraha kwa fimbo. Mimi niliitwa niketi nao kama shahidi, kwa ajili ya umri wangu.

Masunga hakuzunguka. "Mama Salome," alisema, "nilikukataa kwa sababu ya mjomba wako. Jumamosi nilileta ng'ombe mnadani, nikapitia uwanjani, nikaona. Mtu aliyemkatalia mwanawe mbele ya nchi mbili, mjomba atambebaje? Njoo unipimie."

 Epifania akasema atakuja kesho na mpimaji, ila atahitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba, kwa kuwa mwenzake wa siku zote yuko msibani.

"Nitashika mimi."

Tuligeuka. Salome alikuwa mlangoni, na koti la timu mabegani. Alikuja mpaka kwenye kigoda cha mama yake, akapiga magoti.

"Mama, niliusikia ule mfereji chini ya mguu wangu," alisema. "Niliusikia kabla hujainua bendera. Nilichokasirikia ni kwamba nilitaka usione."

Epifania alimvuta kichwa akakiweka mapajani. Masunga alitazama fimbo yake, nami nikatazama kuta.

Kesho yake tuliteremka Muze. Mama na binti walivuta kamba kutwa nzima kwenye jua la bondeni, mmoja huku, mmoja kule, wanapaziana hesabu za mita. Mstari ulipokamilika, ulikuwa umemla Adriano hatua nane, na ndani ya hatua hizo kulikuwa na mahindi yake ya kumwagilia, yaliyostawi kuliko yote. Mzee wa watu alisimama akatazama vigingi. Nilidhani atatukana, kama nilivyotukana mimi. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akampa mpwa wake kwa mikono miwili.

"Kata," alimwambia. "Ukikata wewe sitabisha."

Akakata. Salome alikuwa nyuma yake anaondoa udongo kwa kiganja, kina cha kidole kimoja, mpaka mwisho wa shamba.

Nilirudi Chanji jua linashuka. Sikuingia hata ndani kunywa maji. Niliazima nyundo kwa Silvana, nikaanza na ukuta wa choo wa upande wake.