Yule Anayetafutwa Naye Aulizwe

Ile asubuhi ningali naiona, mwanangu, asubuhi ambayo Muzee Anselme alikaa mbele ya redio yake akakataa kuinuka. Lakini ngoja, nianzie kwako, maana ni weye uliyeniamshia haya yote.

Jumapili ulikuja na mashine yako, ukanisogezea kiti, ukanionyesha muviringo uliouchora. Huku umeandika kuuliza watu, pale kupanga, pale kujenga, kisha kujaribu, kutia kazini, kuangalia inaendaje, na mushale unarudi mwanzo. Ukasema ndivyo mwalimu wenu anavyofundisha: kazi ya mashine ina maisha yake, inazaliwa, inakua, inatunzwa. Weye na wenzako munataka kuongeza kitu kipya kwenye ule uwanja wenu wa kuzungumzia katika simu. Mutu anaandika jina la ndugu yake, anaonyeshwa huyo ndugu iko fasi gani, analala wapi.

"Mama, watu walipotezana mingi huku Ituri," uliniambia. "Hii itawasaidia."

Nikakuuliza mumefika wapi kwenye huo muviringo. Ukacheka. "Tulianza na kujenga. Kuuliza, tutauliza nyuma."

Aka! Nilifumba macho, ukafikiri nimesinzia. Sikusinzia. Nusu ya maneno yako sikuielewa, lakini ile nusu nyingine niliielewa kupita kiasi.

Wakati wa vita nilikuwa musichana wa kazi kwenye foni, hapa hapa mutaani kwetu, kartie Lumumba. Foni si simu, usinicheke. Ilikuwa redio ya kusemea, yenye bateri ya gari na paneli ya jua juu ya mabati. Unabonyeza, unasema, unaachilia, unamusikia mwenzako aliye mbali kule Boga. Na kila mwenye redio kwenye laini ile anasikia pia, hata usiyemujua, hata mwenye bunduki. Tulijua hayo vizuri. Ndiyo sababu wanunuzi wa dhahabu hawakuitaja hata siku moja. Walisema "maharagi ya Mongbwalu yamefika", na siye tukatabasamu. Dhahabu tulijua kuificha. Watu ndio tuliowasahau.

Nilifanya kazi na Désiré, kijana mwenye kinywa kitamu. Redio ilikuwa ya Muzee Anselme, muzee wa kanisa, mwenye maneno machache na kikohozi kingi.

Sasa, namna gani nikueleze muvurugano wa siku zile? Leo muji ni wa hawa, kesho ni wa wale. Asubuhi unatoka hujui umusalimu nani kwa luga gani. Sitakuambia hawa ni nani na wale ni nani. Unajua, na kama hujui, shukuru. Hata ndani ya nyumba yetu ilikuwa vile vile. Siye tulikuwa wa upande mumoja, na Julienne, muke wa kaka yangu, alikuwa wa upande mwingine. Kaka alikimbilia ng'ambo ya muto Semliki. Julienne alibaki nyumbani na mama yangu, amefichwa nyuma ya pazia, hatoki mchana.

Na mudogo wangu Espérance alikuwa amepotea. Tulikuwa tunakimbia kutoka Aveba, nimemushika mukono, watu wakasukumana kwenye daraja, na mukono haukuwepo tena. Mupaka leo sijui kama nilimuachilia ama alivutwa.

Kila siku watu walikuja kwenye foni na machozi: "Hamujasikia jina la mutoto wangu?" Basi miye na Désiré tukapata wazo. Kila asubuhi, kabla ya biashara, foni zote zinyamaze, tusome majina. Nani anatafutwa, nani anamutafuta, na huyu anayetafuta analala kwenye kartie gani, nyumba ya nani, ili aliyepotea ajue pa kwenda. Wa kwanza kusomwa awe Espérance. Wenye foni wa kando zote walikubali. Nilifurahi mupaka chakula hakikupita. Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema. Mm, wahenga hawakuwa na redio.

Asubuhi ya kuanza ndiyo hiyo tuliyomukuta Muzee Anselme kwenye kiti.

"Muliuliza nani?" akasema.

"Wote, Muzee. Kila mutu anaitaka."

"Wote gani?"

"Wote wanaotafuta."

Akakohoa. "Na wanaotafutwa?"

Désiré akacheka. "Muzee, wale wamepotea. Tutawauliza fasi gani?"

"Mumoja haijapotea. Iko kwa huyu binti, nyuma ya pazia." Akanigeukia. "Utasema kwa redio: Lumumba, nyumba ya fulani, njoo. Mudogo wako atasikia. Nani mwingine atasikia? Weye ulimuuliza muke wa kaka yako?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimuambia maneno ambayo binti hamuambii muzee: "Kama mudogo wako ndiye angepotea, usingekaa kwenye hicho kiti!"

Hakukasirika. "Kweli," akasema. "Ningesimama, ningesoma, na ningeua mutu."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kabisa. Espérance ni damu yangu. Lakini Julienne naye ndiye aliyemukanda mama miguu tulipofika tumevimba. Nani nimutupe ili nimupate nani? Nilimukuta anachambua mboga gizani, nikamueleza yote. Aliendelea kuchambua.

"Soma," akasema. "Kesho naondoka, kisha soma."

"Utaenda wapi?"

"Sijui."

Alilisema kama mutu anayeomba chumvi. Mama yangu akaruka kutoka jikoni, kijiko mukononi: "Nani anaondoka hapa? Hakuna! Mutanizika kwanza!" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Miezi mizima nilipita mbele ya pazia lile, sikujua kama mule ndani mutu amekwisha kufunga mizigo.

Tulikaa tukafikiri watatu. Julienne ndiye aliyeuliza kwa nini ni lazima kutaja fasi. Tutaje jina tu, na ulizo ambalo ndugu wa kweli atalijua. Anayesikia aende kwenye foni ya karibu ajibu. Akipenda aseme iko wapi, akipenda anyamaze. Nikamupelekea Muzee maneno hayo. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema tujaribu kwanza, na tusijaribu juu ya kichwa cha mutu anayelia.

Tukajaribu juu ya Désiré. Tukatangaza kama yeye ndiye anayetafutwa, na ulizo likawa jina la baba yake. Kabla ya mchana mutu tusiyemujua akajibu sawasawa, kisha akauliza kwa upole kijana huyo analala wapi siku hizi. Désiré aliacha kucheka. Pengine alikuwa rafiki wa zamani. Pengine. Jina la baba kijiji kizima kinalijua, na siye hatukuliona hilo mupaka tulipojaribu. Tukarudi mwanzo, kama mushale wako ule. Ulizo likawa la mambo ya ndani, yanayojulikana kwenye nyumba moja tu.

Kwa Espérance tukauliza: mama alikuita munyama gani ukikataa kuoga?

Tukasoma asubuhi baada ya asubuhi. Wengine walijibu, wakakutana, wakalia hapo hapo kwenye mulango wa foni. Wengine hawakujibu. Na sitakudanganya, kuna baba mumoja alikuwa ananiangalia kwa hasira: "Mungetaja fasi yangu, mutoto angekwisha kufika!" Alikufa akingoja.

Kisha asubuhi moja laini ikakoroma, ikatoka sauti ya musichana, kutoka foni tusiyoijua.

"Paka," akasema.

Nilipiga kelele. Nikabonyeza: "Espérance! Uko fasi gani? Sema!"

"Yaya, dada yangu, niko muzima. Usiniulize fasi. Musinitafute bado." Ikakoroma tena. "Mama iko?"

"Iko! Iko, mudogo wangu, lakini..."

"Bien reçu," akasema, kama watu wa redio wanavyosema nimesikia, na laini ikafa.

Nilicheka na kulia na kutukana kwa pumzi moja. Iko muzima! Na hataki? Mutu gani anapatikana, kisha anakataa kupatikana? Nilitaka kuita tena, kuita siku nzima. Muzee Anselme akaweka mukono wake juu ya wangu. "Ulitaka ajibu," akasema. "Amejibu."

Wenye bunduki walipotulia alikuja mwenyewe kwa miguu, mutoto mugongoni. Mutoto huyo ni wa nani hatujamuuliza, na weye pia usimuulize mama yako mudogo. Alituambia neno moja tu, siku mama alipokuwa anamusuka nywele, na Julienne amekaa karibu bila pazia. Alisema mwanaume aliyemushika alikuwa na redio, ile Espérance aliyotujibia kwa siri, na kila asubuhi alisikiliza majina yetu pamoja naye, akingoja siye tutaje nyumba. "Angekuja kuwamaliza wote," akasema, "ili nisiwe na fasi ya kurudi."

Mama aliendelea kusuka.

Basi, mwanangu, rudi kwenye muviringo wako, uanze pale penye maneno "kuuliza". Usiulize tu anayetafuta, huyo jibu lake unalijua. Muulize anayetafutwa. Kisha mutafute yule ambaye hakuandika jina lolote lakini anaishi nyumba moja nao, naye umuulize. Ukikosa namna ya kuwauliza, bado hujapata namna ya kujenga. Kujaribu, jaribu juu ya jina lako mwenyewe na fasi unayolala weye, na uwaombe wenzako wenye akili mbaya wakutafute. Ukiona kosa, usione haya kubomoa. Mwenda pole hajikwai. Na kitu kikianza kazi, usikipe mugongo: kila asubuhi kaa usikilize nani mwingine anasikiliza. Na acha nafasi ndani yake ya mutu kusema, "Niko muzima, musinitafute bado." Kitu chako kisipojua kupokea jibu hilo, kizime.

Mungu akupe wazo zuri na mutu wa kukukalia kiti, kama Muzee Anselme, unapotaka kulikimbiza. Jina lako lisomwe mbele za watu kwa furaha tu. Na yeyote atakayekutafuta katika maisha yako, mwanangu, awe ni mutu anayekutakia uzima.