Helikopta ya Kuze Isiyorushwa

Nimeona watu wengi wakiuza kitu kibovu huku wakiapa ni kizima.

Mzee wa Kuze ndiye wa kwanza kuninadia kitu kizima akinikataza kukijaribu.

Tangazo nililiona mtandaoni: helikopta ya rimoti, ya mkono wa pili, safi kabisa, iko mtaa wa Kuze, Mji wa Kale.

Mimi ndio naanza mambo haya, basi nikamuuliza rafiki yangu Karisa. Karisa ana helikopta nyingi. Zote zimo guniani, vipande vipande. Mtu aliyeangusha nyingi hivyo ndiye wa kuulizwa.

"Sikiza, Nadeem. Zungusha mapanga kwa kidole, polepole. Shafti ikiwa imepinda utaiona inacheza. Tazama meno ya gia. Betri ikiwa na tumbo, usiitie chaji. Na mwuzaji akikataa kuirusha, toka mbio."

"Hata bila viatu?"

"Viatu utanunua vingine."

Nikaenda.

Mzee mwenyewe, Ami Nuruddin, ana duka la vitambaa, na juu yake ndiko anakoishi. Nilivua viatu mlangoni, nikamwamkia. Akaileta helikopta imefungwa kwa kitambaa cha melimeli, kama mtoto mchanga.

Nikazungusha mapanga. Shafti imenyooka. Gia haina pengo hata moja. Moyo wangu ukaanza kucheza chakacha.

"Ami, twende uwanja wa Makadara tukairushe kidogo."

"La."

"Kidogo tu, ami."

"Uliza utakalo, mwanangu. Kuirusha, la."

"Sasa ami, wauza helikopta au pambo la kabati?"

Hakucheka. Alinisogezea kiti.

"Kaa. Uliza."

Nikauliza: ikipigwa na upepo yatikisika? Akajibu, Danish alikuwa akiizuia hata upepo wa kusi. Nani aliipaka rangi? Danish. Yatua vizuri? Hapo akacheka. Siku moja Danish aliitua juu ya sinia ya mama wa viazi karai, na mama yule akaifukuza kwa upawa!

Alicheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Danish ni mwanao? Yuko wapi?"

Nikajuta papo hapo.

"Homa," akasema. "Tulikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake."

Sikujua pa kuweka macho, nikafungua mahali pa betri.

Imevimba kama hamri kwenye mafuta.

"Ami, hii waitumia?"

"Situmii. Naitia chaji. Danish alikuwa akirusha Ijumaa baada ya sala, kwa hivyo chaji huitia Alhamisi. Tangu afe sijakosa Alhamisi. Iwe tayari."

Ndugu zangu, betri hizi hazitunzwi hivyo. Ukiijaza ukaiweka bila kuirusha, huvimba. Siku ikichoka, huwaka moto. Na chini yetu duka zima la vitambaa.

Nilitafuta utani wa kumwambia hilo. Sikuupata.

"Ami, imeharibika. Itakuchomea nyumba."

Akaitazama sana.

"Niliona inanenepa," akasema. "Nikadhani imeshiba."

Tulishuka nayo uani taratibu, tukailaza ndani ya ndoo ya mchanga. Ami Nuruddin akachota konzi ya mchanga akaitupia. Ya pili. Ya tatu. Kisha akasimama, kama aliyekumbuka kuwa ile ni betri tu.

Akapanda juu.

Bintiye, Lubaba, ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni.

"Usichukie, kaka. Wamekuja wengi. Baba hamuuzii mtu."

"Tangazo la nini basi?"

"Hitima ikishasomwa, matanga yakaisha, watu huona haya kumtaja marehemu mbele ya mzazi. Jirani, jamaa, hata sisi humu ndani. Jina la Danish limekoma. Wanunuzi ndio pekee wanaouliza."

Kuvaa viatu kulinichukua muda mrefu siku hiyo. Kamba hazikuonekana vizuri.

"Umenunua?" Karisa akaniuliza.

"Bado twabishana."

Na twabishana hadi leo. Alhamisi jioni, saa ile ya chaji, nabisha hodi.

"Ami, ile helikopta ipo?"

"Ipo. Kaa."

Basi wewe unayeanza, kagua shafti, kagua gia, betri yenye tumbo kaa nayo mbali. Lakini mwuzaji akikataa kuirusha, usimsikize Karisa. Vua viatu, kaa, umuulize ilikuwa ya nani.