Kuku wa Nje ya Lango

Maonyesho ya kilimo ya Embu yalipokaribia, Lenah Ruguru wa Karurumo aliacha kila kazi iliyoweza kungoja. Mumewe, Njue, alishazoea. Kahawa ingeiva na kuanguka chini, na mkewe angekuwa nyuma ya nyumba, amembana jogoo kwapani, akimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kumpaka mafuta kidogo kwenye kilemba ili king'ae.

Safari hizo alizianza na jirani yake Peninah, watoto wao wakiwa bado wadogo. Mara ya kwanza walikwenda kutazama tu, pamoja na kina mama wa kanisa. Kwenye banda la kuku Lenah alisimama mbele ya jogoo aliyeshinda, akamkagua kutoka kichwani hadi kucha, kisha akasema, "Huyu hata wangu wa nyumbani anamshinda."

"Basi mlete mwaka ujao tuone," Peninah akamjibu, akicheka.

Akamleta. Hakupata kitu, lakini alirudi akijua waamuzi hutazama nini: macho, manyoya, jinsi kuku anavyosimama akiguswa. Tangu hapo wakawa wanakwenda wote wawili, Lenah na jogoo wake, Peninah na mitetea yake, matenga yamefungwa kwa mipira nyuma ya boda boda. Peninah alimwita Leni, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia.

Mwaka ambao mambo yaliharibika ndio mwaka Lenah aliposhinda. Jogoo wake mwekundu aliwekewa utepe, watu wakampiga picha kwa simu, na mwamuzi akampa Lenah mkono. Alitoka pale akiwa na furaha ya kutafuta pa kuimwaga. Nje ya lango wachuuzi walikuwa wamepanga kuku waliofungwa miguu, na kati yao alikuwako mtetea wa madoadoa, mnene, mzuri ajabu. Akamnunua bila hata kuuliza ametoka wapi.

Njue alimwona alipofika nyumbani. "Huyo mtenganishe na wengine kwanza. Hujui ametoka wapi."

"Kesho nitamtafutia mahali," Lenah akasema.

Kesho yake watu walikuja kumpongeza, akawapikia chai. Kuku wa madoadoa alilala bandani na wenzake.

Kabla ya wiki kwisha mtetea huyo alikuwa amejikunyata pembeni, shingo imepinda, kinyesi chake kijani. Kisha wakaanza wengine. Jogoo mwekundu alikufa asubuhi, Lenah akiwa amempakata. Afisa wa mifugo alipofika hakukaa sana. Akasema ni kideri, na kwamba chanjo haimsaidii kuku akishaugua. Waliokufa wazikwe shimo refu.

Lakini kuku hawajui mpaka wa boma. Miaka yote wa Lenah na wa Peninah walipita chini ya ua wa miti ya kayaba wakichakura pamoja. Peninah alikuwa amefuga kundi kubwa mwaka huo makusudi, kwa sababu bintiye Sheila alikuwa anatolewa mahari na wageni walikuwa wanakuja kutoka Meru. Kuku hao wakafa karibu wote.

Lenah alimwendea. Alimkuta akifagia manyoya.

"Sikujua ni mgonjwa, Mama Sheila."

Peninah hakuacha kufagia. "Njue alikuambia umtenganishe. Nilimsikia nikiwa hapa hapa uani."

Lenah akarudi nyumbani.

Siku ya wageni aliamka mapema, akavaa leso safi, akakiweka kisu chake cha kumenyea viazi karibu na mlango. Tangu aolewe hapakuwahi kuwa na sherehe kwa Peninah ambayo hakuipikia. Alisikia masufuria, akasikia kina mama wakifika, kisha nyimbo za kuwapokea wageni. Hakuna aliyekuja kumwita. Njue, aliyealikwa na wazee, alirudi jua likitua.

"Wageni wamekula vizuri?"

"Wamekula. Walichinjiwa mbuzi."

"Peninah ameniulizia?"

Njue aliinama akafungua kamba za viatu. "Kulikuwa na watu wengi," akasema.

Baadaye afisa wa mifugo aliwaita wakulima Runyenjes kufundishwa kuchanja kuku. Lenah alikwenda. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba na chupa ya chai iliyojaa barafu, dawa ndani yake, akimdondoshea kila kuku tone moja jichoni. Kwa Peninah alipita barabarani bila kugeuza kichwa, mpaka siku moja akamkuta amesimama mlangoni pa boma.

"Hata hawa wangu wanahitaji," Peninah akasema.

Wakafanya kazi, mmoja akishika, mwingine akidondosha. Lenah aliuliza habari za Sheila, akaambiwa yuko sawa. Walipomaliza, Peninah alimletea maji ya kunawa.

"Asante, Mama Oscar," akasema, akaingia ndani.

Mama Oscar ndivyo alivyoitwa na kila mtu. Lenah akabaki na mikono mibichi, akingoja kidogo, kisha akachukua chupa yake akaenda nyumba iliyofuata.

Mwaka huu alikwenda maonyesho peke yake, mikono mitupu. Kwenye banda la kuku mwanamke asiyemjua alimuuliza, "Wewe hujaleta wako?"

"Sijaleta."

"Kwani hufugi?"

"Nafuga," Lenah akajibu, akasogea kumpisha.

Aliondoka kabla ya zawadi kutolewa. Alipofika nyumbani hakuingia bomani. Alisimama nje na ndoo ya maji yenye dawa ya kuua viini, akasugua soli za viatu, kisha pindo la sketi. Upande wa pili wa ua Peninah alikuwa akianua nguo. Alimwona, akatazama kazi ile ya kusugua hadi mwisho, nguo zikiwa begani. Lenah alipoinua kichwa kumsalimia, Peninah alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni.