Sikio la Kushoto la Paka wa Mama

Anayetaka kujifunza kupiga picha asianze na paka mweusi. Aanze na jiwe, au na mzee aliyelala baada ya chakula cha mchana. Mimi nilianza na paka mweusi, ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo huko Riruta, mwendo mfupi kutoka Dagoretti Corner. Filamu yangu ya kwanza ilipooshwa, fundi aliniambia nimetumia nafasi zote kumi na mbili kupiga picha ya giza. Katika mojawapo kulikuwa na vidoa viwili vyeupe. Mimi nikaapa kuwa ni macho. Yeye akasema ni vumbi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, nami nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja katikati ya mji. Kamera niliinunua kwa mama mmoja wa Kizungu kule Spring Valley, aliyetandaza vyombo vyake vyote kwenye nyasi auze kabla ya kurudi kwao. Wenzangu wa ofisini walichukua masufuria na mapazia. Mimi nilitoka na kamera ndani ya mfuko wa ngozi, nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Haikuwa na mambo mengi. Ilikuwa na kitufe cha kubonyeza, na pete kwenye lenzi iliyoandikwa namba za futi, ambazo nilidhani ni pambo tu.

Picha zenyewe zilikuwa za kumpelekea mama yangu, na mama alikuwa mbali.

Mama alikuwa ameishi nami Riruta miaka mitatu. Ndiye aliyemwokota yule paka akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu, akamlea kwa uji na matusi. Jogoo wa mwenye nyumba alipomchana sikio la kushoto, mama alimpaka majivu siku nne mfululizo, na sikio likapona likiwa na pengo kama tikiti iliyotobolewa na kondakta. Kutoka siku hiyo jogoo na mama hawakuamkiana.

Mama hakujua kusoma. Barua zote kutoka nyumbani, huko magharibi, nilimsomea mimi. Siku moja ikaja barua ya mjomba, kaka yake, kusema kwamba dada yao mkubwa amefariki. Chini yake mjomba alikuwa ameniandikia mimi: nisimwambie, niseme anaumwa tu, ataambiwa akishafika, asije akazimia ndani ya basi. Ndivyo watu wetu walivyokuwa wakifanya, na walifanya kwa huruma. Basi nikaishika karatasi ile mbele ya mama nikasoma yasiyoandikwa. Nikasema shangazi zake wanasalimu, dada anaumwa kidogo, anakuulizia. Mama akanunua sukari na shali ya kumfunika mgonjwa, akaondoka akiwa na furaha ya kwenda kumwona dada yake. Alishuka na shali mkononi akakuta kaburi.

Hakurudi Nairobi. Alibaki kulea watoto wa marehemu, na paka akabaki kwangu. Mama hakunigombeza hata siku moja, na ningefurahi sana kama angenigombeza. Barua zake, zilizoandikwa kwa mkono wa mjomba, zilikuwa salamu tupu, na mwishoni swali moja: paka yuko? Nikajibu kwamba paka ni mzima, anazidi kunenepa. Jibu likaja: "Mama yako anasema hata dada yake ulisema anaumwa kidogo."

Niliisoma sentensi hiyo ofisini, nikaenda chooni nikalia. Nilipomaliza kulia nilikuwa nimekata shauri. Picha haihitaji wa kuisoma. Mama angeitazama kwa macho yake mwenyewe, bila mimi wala mjomba kukaa katikati. Lakini ilibidi lile pengo la sikio lionekane wazi, maana paka weusi wamejaa Nairobi, na mama yangu alikuwa na akili ya polisi.

Filamu ya pili nikampeleka paka nje, saa saba mchana, jua likiwa kichwani. Niliona kwamba shida ya kwanza ilikuwa giza, basi dawa ni jua jingi. Kumbe jua la saa saba lilimwekea kivuli usoni, yeye akafumba macho yakawa mistari miwili, na kila nilipobonyeza alikuwa ameshaanza safari. Tena nilisimama mbali sana. Nilikuwa na sababu. Siku zile picha iliyokukata miguu ilikuwa aibu. Ukienda studio, ulipaka viatu rangi, au uliazima vya mwenzako, ukasimama wima ili vyote viwili vionekane, na wazee walisema kumkata mtu miguu kwenye picha ni kumtakia mabaya. Kwa hiyo nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka miguu minne na mkia vikaenea. Paka akatoka ukubwa wa harage.

Aliyekuwa akiniosha filamu alikuwa mzee mmoja wa Kiambu, mwenye studio ndogo karibu na River Road. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akaikodolea macho picha yangu.

"Sasa hii ni paka ama ni mdudu?"

Nikamweleza habari ya mama na ya sikio. Kisha nikamweleza habari ya miguu. Mzee alicheka mpaka akaishika meza.

"Wewe dada, mama anataka kuona masikio, ama anataka kuona viatu ya paka?"

"Masikio. Lakini miguu..."

"Wachana na miguu! Sogea. Futi tatu, na usipite hapo, ukipita inaharibika. Hizi namba si maua, hizi ni za kupima. Pima na kamba. Na hiyo jua ya saa saba ni ya kukausha mahindi. Ngoja saa kumi. Weka yeye kwa kivuli, nje ya mlango, na nyuma yake iwe nyeupe, ndio weusi wake ionekane. Tafuta kitu ya kurudisha mwanga kwa uso. Halafu shuka chini, ulale. Nani alikuambia paka anapigwa picha kutoka mbinguni?"

Jumamosi iliyofuata nilipima kamba ya futi tatu nikaifunga fundo. Nilitandika gunia mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, upande wa kivuli. Kwa kurudisha mwanga nilimwomba mwenye nyumba bati jipya alilonunua kuezekea jiko, na yeye, mama mnene mwenye roho nzuri, hakuniamini nalo, akaja kulishika mwenyewe. Kila alipoliinamisha, mwanga ulitembea ukutani hadi ukatua kwenye uso wa paka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule mnyama hakuwa mweusi hasa. Alikuwa na rangi ya kahawa iliyokolea.

Nikalala kifudifudi kwenye udongo, viwiko vyangu vikiwa chini, dagaa mmoja nimembana katikati ya vidole karibu na lenzi.

"Msichana wa watu," akasema mwenye nyumba, "kwenu mnaabudu paka?"

"Shika bati, mama."

"Nimeshika. Lakini nikiulizwa na watu wa kanisa sitasema uongo."

Paka alimtazama dagaa. Nikabana pumzi, nikabonyeza. Akasimama, nikamrudisha, nikapima tena kwa kamba, nikangoja. Nilijifunza pale kwamba kazi kubwa ni kungoja, na kwamba mimi si mtu wa kungoja. Mara tatu nilimtukana kwa lugha ya kwetu, na mara tatu akajiramba. Mwishoni alichoka na sisi wote wawili, akakaa, akageuza kichwa kidogo, na sikio la kushoto likasimama peke yake mbele ya chokaa.

Mzee wa studio aliisukuma picha hiyo mezani. Sharubu zilihesabika. Pengo la sikio lilikuwa wazi, na ukuta mweupe ukionekana kupitia kwake. Miguu haikuwemo hata mmoja. Niliituma siku hiyo hiyo, bila barua.

Jibu lilinikuta baada ya wiki mbili. "Mama yako amekubali kwamba ni yeye. Sasa anauliza miguu iko wapi. Anasema kama amekanyagwa na gari hapo Dagoretti Corner, useme."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mkubwa wangu akatokeza kichwa mlangoni. Niliifurahia sana ile "useme". Tangu msiba mama hakuwa ameniambia niseme kitu chochote.

Basi filamu nzima iliyofuata ikawa ya miguu. Mwaka huo wote nikawa mpiga picha wa paka, na wapangaji wenzangu walikuwa wakiniuliza kama ananilipa. Paka kwenye ngazi, paka ndani ya karai, paka akiwa na jogoo yule yule nyuma yake, futi sita. Nilituma moja kila mwezi, na nyingine nzuri zilibaki kwenye negativu ndani ya bahasha, nikiziweka akiba kwa miezi ya mvua, ambapo mwanga wa Nairobi ni kama wa ndani ya chungu.

Ilikuwa miezi hiyo ya mvua paka alipokufa. Jirani aliweka sumu ya panya, panya akala, paka akamla panya. Nilimkuta asubuhi chini ya kitanda, bado laini. Nililia kuliko nilivyotazamia. Nilimzika kwa jembe la mwenye nyumba kando ya ua wa miiba ya kayaba, na mwenye nyumba akasimama pale na leso kichwani kama kwenye mazishi ya mtu.

"Ile bahasha yako iko na picha ngapi?" akaniuliza tulipokuwa tukinawa.

"Saba."

"Tuma hizo pole pole. Mama amefiwa na dada yake juzi tu. Ya nini kumuumiza tena?"

Alisema kwa upendo, kama mjomba alivyosema kwa upendo. Jumatatu nilizibeba negativu hizo mjini. Niliziweka mbele ya mzee wa studio, naye akaziinua kwenye taa moja moja, akisifu. Zilikuwa kali kweli, hakuna iliyotikisika, mwanga mahali pake. Miezi saba ya paka mzima. Akaniuliza nataka zipi, na nilipofungua mdomo nijibu nilijisikia kama siku ile niliposhika karatasi mbele ya mama. Nikazirudisha kwenye bahasha. Nikamwambia naomba filamu mpya.

Mvua ilikatika Alhamisi. Nilitoka kazini mapema, saa kumi nikawa kando ya kayaba. Nilimimina maji kwenye udongo ili rangi yake ikolee, nikaweka juu ya kaburi kisahani cha bati alichokuwa mama akimtilia uji. Nilipima futi sita kwa kamba. Nililala chini. Niliegemeza kamera juu ya tofali, nikapiga nafasi zote kumi na mbili, mahali pale pale, ili moja angalau isikose.

Nilituma iliyokuwa kali kuliko zote. Nilijaribu kuandika barua ya kuisindikiza nikachana karatasi nne, kisha nikaiacha picha iende peke yake.

Nilingoja karibu mwezi. Barua ya mjomba ilikuwa fupi. "Tumepata picha. Mimi niliona udongo na kisahani, nikawaambia watoto kwamba safari hii umekosea kupiga. Mama yako akaninyang'anya, akaenda kuitazama mlangoni penye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu. Halafu akarudi akatuambia paka amekufa. Nikamuuliza amejuaje na hakuna neno lililoandikwa, akasema wewe ndiye umemwambia. Anasema uje nyumbani."