Nilivyoipoza Nyumba Yangu Ivuna

Sisi tuliozaliwa Mbozi, kwenye baridi na kahawa, tuna akili nyingi sana kuhusu joto. Nilipohamishiwa Ivuna, bondeni kwenye joto kali, kufundisha, nilipewa nyumba ya chumba kimoja iliyoezekwa bati. Jirani yangu, Mama Masanja, akanishauri nitandaze nyasi juu ya bati. Nikamcheka. Nyasi za nini, na mimi nimesoma?

Jumamosi moja bati likawa linalia ta! ta! kwa jua. Nikatumia elimu yangu. Kitanda, meza na viti vyote nikavitoa nje, mlango nikauacha wazi ili hewa ipite. Nikamwaga maji sakafuni, nikabaki na chupi, nikalala chali na kujifunika shuka jeupe lililolowa, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Raha iliyoje! Usingizi ukanichukua.

Nikashtuliwa na vilio. Nikajisemea, maskini, kuna watu wamefiwa. Jua likipoa nitakwenda kuwapa pole. Vilio vikazidi kusogea. Ndipo nikakumbuka kwamba hata kwetu Mbozi, nyumba ikitolewa vyombo vyote nje namna ile, watu hawaulizi, wanaanza kulia.

Kilio kikaingia mlangoni kwangu. Nikaketi ghafla, shuka likaniteleza. Akina mama wakatimua mbio wakipiga mayowe. Akabaki Mama Masanja peke yake, mzigo wa kuni za msiba kichwani, akiitazama chupi yangu.

"Mwalimu," akasema, "kuni tumeshaleta. Sasa tumzike nani?"